TANGAZO NI AHADI
Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mkoa wa Singida



Nimeombwa nizungumze juu ya biashara ya kuuza mazao kwa njia ya intaneti, na hasa juu ya chama kidogo kinachotaka kuwa na ukurasa wake wa kutangaza bidhaa na kuwapelekea wanunuzi habari zake. Huenda baadhi yenu mlitazamia kwamba kazi hii angepewa kijana fundi wa kompyuta. Mimi ni mkaguzi. Kazi yangu ni vitabu, ghala na fedha. Lakini katika vyama nilivyovikagua ambavyo vimekwisha kuianza biashara hii, vile vilivyoanguka havikuangushwa na kompyuta. Viliangukia ghalani na katika vitabu. Kwa hiyo leo nitasema jambo moja tu, na mengine yote yatakuwa maelezo yake: tangazo la chama ni ahadi ya chama, na ahadi haiwezi kuwa kubwa kuliko ghala.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu ni wa kweli pale ambapo mnunuzi anaweza kufika, akaonja, akapima. Msafiri anayepita katika barabara kuu ya Dodoma kwenda Mwanza huyaona mafuta yetu ya alizeti yamepangwa kando ya njia, akasimamisha gari na kununua. Mfanyabiashara wa vitunguu hufika mwenyewe katika soko la Misuna. Lakini mwenye duka aliyeko Dar es Salaam haioni asali ya Itigi, wala hajui kama imekwisha kurinwa. Kwa mtu huyo chema chetu kimefichika, na anayekipata kwa niaba yake ni mchuuzi, ambaye hutununulia kwa bei anayoitaka yeye. Kumfikia mnunuzi huyo si kujitembeza. Ni haki ya mkulima.

Tena tusisahau historia. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na kazi zao zikakabidhiwa mashirika ya umma. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Katika miaka ile mkulima wetu alizoea kupima mazao yake kituoni na kwenda zake, bila kumjua mnunuzi wa mwisho ni nani na anataka nini. Baadaye biashara ilipofunguliwa, mchuuzi alimfuata hadi shambani, na bado mkulima hakumjua mnunuzi wa mwisho. Simu iliyo mkononi mwa katibu leo inaweza kuliziba pengo hilo, ikitumiwa na chama wala si na mtu mmoja.

YALIYOTOKEA KATIKA CHAMA KIMOJA

Niliwahi kukikagua chama kimoja cha wafuga nyuki, ambacho sitakitaja jina. Chama hicho kilikuwa na karani kijana, hodari na mwenye nia njema. Kijana huyo alifungua ukurasa katika simu yake mwenyewe, akaweka picha nzuri za mizinga na asali, na kuandika kwamba chama kina asali nyingi ya kutosheleza mahitaji yote. Mnunuzi wa mjini akapiga simu akitaka ndoo 100 za lita 20. Kijana akajibu kwamba zipo. Kitabu cha ghala siku ile kilionyesha ndoo 38.

Basi pakaanza mbio za kujaza pengo. Ndoo nyingine zikanunuliwa kwa wachuuzi, nyingine zikarinwa kabla nyuki hawajayafunga masega. Ninyi wafuga nyuki mnajua matokeo yake: asali ikiwa na maji yanayozidi asilimia 20 huchacha. Ndoo zikafika mjini zinatoa povu. Mnunuzi hakuwa na njia ya kuzibagua, akaikataa shehena yote. Wanachama walioleta zile ndoo 38 za asali safi walikaa miezi minne bila kulipwa, na mmoja wao, mama mjane, aliniuliza mbele ya mkutano: "Mkaguzi, asali yangu ilikuwa na kosa gani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Mwenyekiti alitaka karani afukuzwe. Nikaomba kitabu cha mihtasari. Hakukuwa na uamuzi wowote wa Bodi uliosema nani aandike, aandike nini, wala nani amruhusu. Nami sikuwa nje ya kosa. Mwaka uliotangulia nilifika hapo kukagua, nikaonyeshwa ukurasa ule, nikausifu kwa maneno mazuri. Sikuuliza unalingana vipi na kitabu cha ghala. Ningekuta katibu ameandika hundi bila kutazama salio la benki, ningeandika hoja ya ukaguzi siku ile ile. Tangazo lile lilikuwa hundi, na mimi nilidhani ni picha.

BIDHAA IPI IUZWE KWA NJIA HII

Kabla ya kutangaza chochote, chama kitenge mazao yake mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mazao yanayouzwa kwa mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekwa na sheria ya mwaka 2005, na kupigwa mnada kwa njia ya kompyuta katika Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Dengu, choroko, mbaazi na ufuta yamekuwa yakiuzwa kwa utaratibu huo, kufuatana na miongozo ya Serikali ya kila msimu. Mazao ya namna hiyo si ya karani kuyauzia kwenye simu. Someni mwongozo wa msimu, na mkiwa na shaka muulizeni Afisa Ushirika wa wilaya.

Fungu la pili ni bidhaa ambazo chama kina uhuru wa kuzitafutia soko: asali, nta, mafuta ya alizeti, vitunguu, kuku wa kienyeji na kadhalika. Hizi ndizo ninazozungumzia. Na hata hizi zisitangazwe zote kwa pamoja. Chama kianze na bidhaa moja ambayo kinaweza kuitoa kwa ubora ule ule mara kumi mfululizo. Kama ni mafuta au asali ya kwenda dukani, hakikisheni habari ya alama ya ubora ya TBS na vifungashio kwanza. Ofisi ya SIDO ipo hapa mkoani kuwaelekeza.

Kisha kitabu cha ghala kiongezwe safu. Vyama vingi vina safu ya kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Kwa biashara hii hazitoshi. Baada ya safu ya kilichobaki, wekeni safu ya kilichoahidiwa, na mwisho safu ya kilicho huru. Ikiwa ghalani mna ndoo 90 na mmekwisha kuwaahidi wanunuzi ndoo 55, kilicho huru ni ndoo 35, hata kama macho yanaona 90. Tangazo litoke katika safu hiyo ya mwisho tu. Vyama vyetu vimeishi miaka mingi na msemo wa mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tuongeze kwamba na tangazo bila daftari hupoteza mali pamoja na jina.

HABARI ZA KILA JUMA

Sasa nije kwenye uandishi wenyewe. Wengi hudhani ukurasa wa biashara unahitaji maneno matamu. Mnunuzi wa jumla hasomi utamu. Anataka kujua vitu vitano: kuna nini, kiasi gani, cha ubora gani, bei gani, na hadi lini. Chagueni siku moja ya juma, msiikose, na andikeni kwa mfano huu:

"Jumatatu asubuhi. Mafuta ya alizeti: madumu 35 ya lita 20, yaliyokamuliwa juma lililopita na kuchujwa. Asali: ndoo 19 za lita 20, kila moja kilo 28 bila uzito wa ndoo. Vitunguu: hakuna, wanachama wanatarajia kuvuna baada ya majuma matatu. Bei ya dumu la mafuta hapa ghalani ni shilingi 80,000, na usafiri ni juu ya mnunuzi. Bei hii itadumu hadi Ijumaa jioni."

Angalieni maneno "Vitunguu: hakuna." Makatibu wengi huona aibu kuyaandika. Mimi nayaona kuwa maneno yenye thamani kubwa kuliko yote katika habari ile, kwa sababu mnunuzi akiona kwamba mnathubutu kusema hakuna, ataamini siku mtakaposema zipo. Angalieni pia kilo 28. Asali ni nzito kuliko maji, na mnunuzi anayejua kazi atapima. Vivyo hivyo katika vitunguu: gunia la lumbesa ni wizi anaofanyiwa mkulima, na chama kinachouza kwa kilo zilizopimwa humlinda mwanachama wake na kumheshimu mnunuzi.

Pamoja na habari za ghala, andikeni mara kwa mara maelezo mafupi yanayojibu maswali ambayo wanunuzi huuliza kweli. Kwa mfano, wengi hurudisha asali iliyoganda wakidhani imetiwa sukari. Andikeni wazi kwamba asali safi huweza kuganda, kwamba huyeyuka tena chombo kikiwekwa katika maji ya uvuguvugu, na kwamba haifai kuchemshwa. Maelezo ya namna hiyo, yakiandikwa mara moja na kuhifadhiwa, humpunguzia karani kazi ya kurudia jambo lile lile kwenye simu kila siku. Swali likija mara tatu, liandikiwe jibu. Picha ziwe za ghala lenu na za bidhaa mliyonayo. Picha ya kuazima ni sampuli ya uongo.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji, walifungua duka lao la ushirika wakiwa na bidhaa chache tu, kama unga, siagi na sukari. Wakati huo ilikuwa kawaida kwa wenye maduka kuchanganya unga na vitu vingine na kupunja mizani. Wale wenzetu hawakuwashinda kwa kelele. Waliuza unga usiochanganywa, kwa kipimo kilichotimia, na wateja wakaongezeka. Chombo cha kutangazia kimebadilika, lakini sababu ya mteja kurudi ni ile ile.

FEDHA NA JINA LA CHAMA

Ninyi nyote mmekwisha kupata ujumbe ule wa matapeli usemao ile hela itume kwenye namba hii. Mnunuzi naye ameupata. Kwa hiyo mkimtajia namba ya mtu binafsi, hata kama ni ya katibu mwaminifu, atasita, na ana haki ya kusita. Fedha zote zipokelewe katika akaunti ya benki ya chama au kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la chama, na jina hilo litokee kwenye simu ya mlipaji. Kila malipo yakatiwe stakabadhi siku ile ile na kuingizwa katika kitabu cha fedha. Mzigo usitoke ghalani kwa kuonyeshwa ujumbe wa simu wa mnunuzi, maana ujumbe huweza kughushiwa. Utoke baada ya mtunza fedha kuthibitisha salio upande wa chama.

Jambo la pili ni funguo. Laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, na laini iliyosajiliwa kwa kidole cha karani ni ya karani. Akihama, wanunuzi wanahama naye, na chama hakina pa kushitaki. Laini ya biashara isajiliwe kwa jina la chama. Nywila ya ukurasa iandikwe, itiwe katika bahasha, itiwe lakiri na kuwekwa ndani ya kasiki, na karani anapobadilishwa nywila nayo ibadilishwe na makabidhiano yaandikwe kama yale ya funguo za ghala.

Jambo la tatu, msitegemee kibanda cha watu. Soko la intaneti la Jumia lilifunga shughuli zake hapa Tanzania mwezi Novemba 2019. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikadhoofika nchini kwetu kwa siku kadhaa. Chama chenye majina na namba za wanunuzi wake katika daftari la karatasi kiliweza kupiga simu na kuendelea na kazi. Kisichokuwa na daftari kilikaa kikingoja.

Jambo la nne ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Si halali wala si adabu kubandika hadharani orodha ya wanachama pamoja na namba zao na fedha walizolipwa, kwa nia ya kuonyesha kwamba chama kinalipa. Hata picha ya mwanachama iwekwe kwa ridhaa yake. Aidha, zipo kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizotungwa mwaka 2018 na kutungwa upya mwaka 2020, nazo hufanyiwa marekebisho. Kabla ya kufungua ukurasa, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano kama mnayotaka kuyaandika yanahitaji leseni.

JE, INALIPA?

Nimekuta vyama vinavyohesabu bei ya mjini tu na kufurahi. Tufanye hesabu ya mfano. Chama kina madumu 40 ya mafuta ya alizeti. Kikiuza hapa hapa kwa shilingi 80,000 kitapata shilingi 3,200,000. Mnunuzi wa Dar es Salaam atatoa shilingi 94,000 kwa dumu akiletewa, yaani shilingi 3,760,000. Inaonekana pana ziada ya shilingi 560,000.

Sasa tutoe gharama. Usafiri shilingi 160,000. Madumu mapya na lebo shilingi 140,000. Posho ya mwandishi shilingi 100,000. Kifurushi cha intaneti shilingi 30,000. Makato ya kupokea na kuhamisha fedha shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 450,000. Ziada halisi ni shilingi 110,000. Lakini madumu mawili yakivuja njiani, mnapoteza shilingi 188,000, na badala ya ziada mna upungufu wa shilingi 78,000 kuliko kama mngeuza hapa ghalani. Vifuniko viwili vibovu vimekula kazi ya mwezi mzima.

Sisemi haya ili kuwavunja moyo. Nasema ili Bodi iamue kwa tarakimu. Gharama za biashara hii ziwe na ukurasa wao katika leja, na kila baada ya miezi mitatu katibu atoe taarifa: tumepata maulizo mangapi, mauzo mangapi, mzigo gani umerudishwa na kwa sababu gani. Huenda hesabu ikaonyesha kwamba ni afadhali kumwachia mnunuzi usafiri, au kuungana vyama vitatu na kujaza gari moja. Na ikionyesha kuwa hailipi, kuacha si aibu.

HITIMISHO

Ndugu zangu, nawaomba mrudi nyumbani na kazi nne ambazo hazihitaji fedha nyingi. Kwanza, Bodi ikae na kuandika katika muhtasari nani ataandika habari za chama na nani atatia sahihi kabla hazijatoka. Pili, mtunza ghala aongeze zile safu mbili. Tatu, laini na malipo yawe kwa jina la chama. Nne, chagueni siku moja ya juma na kuandika mlichonacho, hata kama ni mistari mitano, hata kama mstari mmoja ni wa kusema hakuna.

Nami kwa upande wangu, tangu siku ile ya swali la yule mama, nikifika katika chama chenye ukurasa wa intaneti huomba vitu viwili viwekwe mezani pamoja: simu na kitabu cha ghala. Nausoma ukurasa, kisha naingia ghalani na kuhesabu. Mwaka huu nitakapofika kwenu nitafanya hivyo hivyo, na ningefurahi nikute mmekwisha kuhesabu kabla yangu.